Vyungu Vyangu na Mrija wa Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikula udongo. Shangazi, ndiye aliyenifundisha, alinisimamisha bondeni, matope magotini, akanitia donge mdomoni.

"Tafuna. Kuna mchanga?"

Nikasema upo.

"Tema. Huo ni wa kujengea choo. Chimba chini zaidi."

Tukachimba mpaka nikaupata ule mweusi, laini, unaoteleza kwenye meno kama siagi. "Ndio huo," akasema. "Shika ladha yake, maana mi sitakuwa hapa kila siku." Niliishika. Hata leo nikipita kwenye mtaro mpya uliochimbwa hapa Gasenyi, ninapokaa, naangalia tu na kujua udongo upi unafaa.

Sisi ni Batwa, na kufinyanga ni kazi yetu tangu zamani. Nawaandikia nyinyi wajukuu mnaodhani sufuria ilizaliwa na dunia. Udongo unapondwa, unachanganywa na unga wa vigae, yaani vipande vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa. Bila vigae chungu kinapasuka motoni. Unaviringisha udongo kama kamba, unaupandisha duara juu ya duara, unasugua kwa jiwe la mtoni. Halafu unakausha kivulini, siku nyingi. Mwenye haraka anachoma chungu kibichi, na moto unamjibu: pwaa! Kazi ya wiki mbili imekuwa vigae vya chungu kingine. Kikitoka motoni salama unakichemshia uji, vitundu vizibe.

Mimi na shangazi tulibeba vyungu kichwani mpaka Kinama. Nyumba zote zilipikia vyungu vyetu. Lakini ukiomba maji, unamiminiwa kwenye viganja, kikombe hupewi. "Weka hapo chini, nitakiokota," wateja walituambia, ili mikono isigusane. Wengine walikuwa watu wazuri kabisa, wa kanisani. Ndivyo walivyolelewa.

Kuna jambo moja lazima mlijue, mengine yote yanatoka hapo. Pombe ya mtama, impeke, inanywewa chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Mwenye kuitoa anaonja wa kwanza mbele ya wote, wajue haina kitu kibaya, ndipo wengine wanaingiza mirija. Mimi nimefinyanga vyungu vya harusi kuliko harusi alizofungisha padri wetu, na sikuwahi kuonja hata kwenye kimoja. Mutwa akionja wa kwanza, nani ataingiza mrija baada yake? Sisi tulipewa yetu pembeni, kwenye kigae, na kigae kilitupwa.

Baadaye niliajiriwa misheni kufundisha wasichana kufinyanga. Bosi wangu alikuwa Sista Mkuu, mzungu mrefu mwenye masikio ya daktari. Alikuwa anagonga kila chungu kwa kidole. "Kikilia kama kengele, kizuri. Kikilia kama boksi, kina ufa, usinidanganye." Alikunywa maji kwenye kikombe changu, na watu wakamsifu sana. Mimi sikuona ajabu. Alikuwa mgeni, hakuwa na jirani wa kumcheka.

Alipoondoka nikaenda karakana moja karibu na maghala, kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Direkta, mkuu wa pale, alileta gurudumu la kuzungushwa kwa mguu, akataka vyombo vya maua.

"Mama, dunia inazunguka. Na we uzungushe!"

"Direkta," nikamwambia, "kwetu chungu kinatulia, mutu ndiye anazunguka."

Akacheka mpaka akavua miwani. Aliniacha nizunguke chungu changu mpaka karakana ilipofungwa.

Sasa sherehe. Kila mwaka mtaa wetu unafanya sikukuu ya mila kwenye kiwanja cha mpira. Wapiga ngoma wanakuja, wanawake wanavaa imvutano zao za kung'aa, Wakongomani wanacheza ya kwao mpaka vumbi linasimama. Bosi wangu wa mwisho alikuwa Madame Prezida wa kamati. Alivipenda vyungu vyangu. Alivipanga mezani juu ya kitambaa cheupe, na kikaratasi: USIGUSE. Pombe ilikuwa kwenye ndoo za plastiki. Jioni vyungu vilirudi nyumbani na vumbi ndani.

Miaka ilikwenda hivyo. Halafu vidole vikaanza kukataa, nikajua chungu nilichokuwa nakizunguka ni cha mwisho. Nikaenda kwake.

"Madame, mwaka huu chungu hakipandi mezani. Kinakaa chini, kinatiwa impeke, na mi ndiye nitaonja."

Aliweka kalamu. "Mama, na watu wasipokunywa? Tutapata aibu mbele ya wageni."

"Aibu mi nimekula miaka sitini. Sijafa."

"Haya. Ila usiseme sikukuambia."

Pombe niliipika mwenyewe. Chungu kilinifika kiunoni. Walipotangaza zamu yangu nikapiga magoti, nikaingiza mrija, nikanywa, nikasimama. Mirija mingine ilikuwa imefungwa kifurushi mkononi mwangu.

Hakuna aliyekuja.

Shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, akatazama simu yake. Nyuma mtu akapaza sauti: "Atangulie shefu!" Mwingine akajibu: "Shefu anakunywa dawa ya tumbo!" Wakacheka, lakini miguu haikusogea. Povu likaanza kushuka. Madame Prezida alinitazama, mi nikatazama chungu. Nilijiambia kikibaki hivyo mpaka jioni, nitakivunja hapo hapo kiwanjani.

Ndipo akatoka bibi mmoja na fimbo, mwili umekauka kama kuni. Nilimjua kabla hajafika: Mama Domitila wa Kinama, mteja wetu wa zamani. "Weka hapo chini, nitakiokota" ilikuwa sauti yake.

"We ni yule mutoto aliyekuja na mama wa vyungu?"

"Ni mimi. Alikuwa shangazi yangu."

"Chungu cha harusi yangu bado kizima. Kimeozesha mabinti wanne, kimemzika na mzee wangu. Nipe mrija."

Nikafungua kifurushi nimtolee mpya.

"Apana," akasema. "Huo wako."

Akaunyoosha mkono wake, ukagusa wangu, akachukua mrija wangu. Alikunywa pole pole, macho amefumba. "Imekolea," akasema, akageukia watu. "Mnangoja nini, misa?"

Wakaja. Si wote. Shefu aliomba mrija mpya, nikampa. Wengine walirudi kwenye ndoo zao, na majina yao ninayajua.

Siku hizi nimeacha kazi. Bonde letu la udongo limejengwa nyumba za matofali. Wajukuu wangu wawili wanajua kufinyanga vizuri kuliko mimi, nasema hivyo mbele ya yeyote, na ukitaka ugomvi bisha. Mmoja wao ndiye aliyebeba chungu jioni ile ya sherehe kukirudisha nyumbani. Chini hakukuwa na vumbi, kulikuwa na machicha, na mirija saba watu wameisahau ndani. Akachota maji akioshe.

Nikamwambia angoje, kwanza nikitazame.