Kijana wa Kimbiji Ndani ya Kanisa Kuu

Ninachosimulia kilinitokea mwenyewe, mchana kweupe, akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka. Ndugu zangu wa Mbagala walishanicheka wakachoka.

Nilikuwa nasoma Ujerumani. Siku moja Anna, rafiki yangu wa darasani, akanipeleka kuona kanisa lao kuu la kale. Mie Mwislamu, sikuwahi kuingia kanisani, lakini lile jengo, jamani, ukitazama dari mpaka shingo inauma. Vioo vya rangi, makaburi ya maaskofu mle mle ndani, na baridi kuliko ya nje. Anna akaenda kupiga picha, mie nikakaa kwenye benchi.

"Dada, hujambo?"

Kiswahili. Ugenini, nani asiyeitika akisikia lugha ya kwao? Nikageuka. Kijana mweusi, amevaa kanzu, yuko pekupeku juu ya mawe yale ya baridi. Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia asili yetu Kimbiji.

"Mie wa huko huko, kina Mwinyikombo. Nililetwa na bwana mmoja, nikaugua kifua. Nyumbani wananiulizia?"

Kina Mwinyikombo ndio sisi, upande wa babu. Na sijawahi kusikia mtu akimtaja ndugu aliyepotelea Ulaya. Lakini vile alivyonitazama, niamini, hata wewe ungejibu nilivyojibu.

"Wanakuulizia sana."

Akafunika uso kwa viganja kwa furaha. "Basi twende. Kumbe wewe ndiye waliyekutuma."

Nikapiga magoti, nikalia kwa sauti, namwomba anisamehe, siwezi kumchukua. Hapo Anna akanishika bega. Watu wote wamegeuka, mlinzi anakuja, na mie nazungumza na benchi tupu. Walinitoa nje kama mlevi. Njia nzima Anna hakunitazama usoni.

Niliporudi nchini nikaenda Kimbiji kwa bibi yangu, dada yake babu. Nilimkuta anakuna nazi. Nilipomaliza kumweleza, mikono yake ilikuwa imesimama.

"Alikuwepo," akasema. "Enzi za ukoloni, baba yake alimtoa kwa Mjerumani ili yeye baba mtu asichukuliwe kazi za shuruti. Sie tuliozaliwa baadaye tulikatazwa kumtaja."

"Mpaka leo, Bibi?"

"Tungeanzia wapi, mjukuu wangu? Aibu."

Nikaomba tumsomee khitma. Ndugu nikawaalika wote, kuanzia Chanika mpaka Kunduchi. Waliokuja hawakujaza mkeka mmoja. Nilikaa pale nimeinamisha kichwa, maana nilijua yule kijana wa kanisani anaona.

Tangu siku ile, kila niingiapo mahali penye kiyoyozi, benki au ofisini, namsikia anapumua nyuma yangu, kifua kinakwaruza. Haniulizi kitu. Anangoja tu.

Kwa hiyo wewe unayesafiri, sikiliza. Mtu wa namna ile akikuuliza kama kwao anakumbukwa, usimjibu kwa huruma. Mwambie hujui. Atasikitika, lakini hatakufuata.