Siku Niliyoulinda Mlango wa Mtihani

Mwaka ule tulikula ugali wa muhogo, sisi watu wa Kitale, ambao mahindi tumeyazoea mpaka tunawapa ng'ombe. Mvua ilikuwa imetutupa, unga wa dukani haushikiki, na kila jiko la mtaa wetu wa Matisi lilinuka muhogo uliochanganywa na wimbi. Wajukuu walilalamika ati unakwama kooni. Niliwaambia wauteremshe na mboga ya mrenda inayoteleza, njia itajipata. Huo ndio mwaka mjukuu wangu wa kike alirudi kwangu na kompyuta kwapani, akaniomba chumba cha nyuma.

Huyo nilimlea mimi. Shule yangu iliishia pale nilipojua kuandika jina langu. Yake ilifika chuo kikuu, na mtu akiniona natembea kifua mbele kanisani, ajue ni kwa sababu hiyo. Aliolewa Kamukuywa, akapata kazi mjini Bungoma katika shirika linalojengea watu visima, vyoo vya shule na vibanda vya soko. Yeye ndiye wa kuangalia kokoto imefika, fundi amefika, na kitu kimeisha siku kilipotakiwa kuisha. Alifanya kazi hiyo mpaka soli za viatu zikalika. Kisha nafasi ya meneja ikafunguka. Wakubwa wakamwambia: kazi yako tunaijua, lakini kiti hiki kinataka mtu mwenye cheti cha usimamizi wa miradi. Ukikipata kabla ya mwaka kuisha, kiti ni chako. Usipokipata, tunaleta mwingine.

Nilikasirika. "Kwani mimi nikipika chapati miaka yote hii, mpaka nipewe karatasi ndio ziive tamu?"

"Kukhu," akaniambia, maana kwetu nyanya ni kukhu, "wewe unajua ni tamu kwa sababu umezila. Mtu wa Mombasa atajuaje?"

Sikulipenda hilo jibu, lakini lilinikaa kichwani.

Akasoma. Alikuwa akiamka anasoma, anakula anasoma, muhogo unapoa kwa sahani. Mimi kitabu chenyewe ni Kizungu kitupu, kwa hivyo nilimuuliza tu: leo wamekufundisha nini? Siku moja alinijibu akiwa ameshika kichwa.

"Kuna sura nzima inasema, kabla hujachimba hata shimo, tafuta kila mtu ambaye kazi itamgusa, umuulize."

"Hiyo nayo inataka kitabu?"

"Inataka, Kukhu. Unakumbuka ile chemchemi yetu ya Kamukuywa?"

Niliikumbuka. Shirika lake liliijengea vizuri, bomba safi, na pembeni sakafu ya simiti ya kufulia nguo. Wanawake wakachota maji, lakini nguo wakaendelea kupeleka mtoni. Wakubwa wakasema wanawake wa huko ni wakaidi. Kumbe ile sakafu iliangalia moja kwa moja njia wanayopitia wazee, na mke wa mtu kwetu hawezi kuinama anafua, sketi imepanda, baba mkwe anapita. Afadhali mto.

"Mimi nimeolewa huko huko," akasema, "nainamisha macho kila siku mbele ya baba mkwe, na bado sikufikiri. Nilikuwa nafukuzana na simiti isikauke. Sasa nimepewa swali la kuanza nalo kila mahali. Si la kukumbuka nikiwa na bahati."

Hapo ndipo niliacha kukiita hicho kitu karatasi.

Sasa shida. Mdogo wa mume wake alikuwa anaingia jandoni Agosti hiyo. Mtihani ulikuwa umeshapangiwa siku, na sherehe ilikuwa baadaye. Halafu wazee wa Kamukuywa wakasogeza sherehe mbele, ikaangukia siku ile ile. Mjukuu wangu hakulala vizuri. Lakini alifanya alichofundishwa: akampigia simu kila mtu, akapanga nani ataotesha wimbi la pombe ya busaa, nani atakaanga unga, nani atakodi viti, na nini kikichelewa kitachelewesha vingine. Akawaambia, "Jioni nitakuwa nimefika."

Mtihani ulifanyiwa kwa kompyuta, hapo hapo chumba cha nyuma. Kompyuta ina jicho, na wasimamizi walio mbali wanaangalia kupitia hilo jicho. Mtu mwingine akionekana ndani, wanaufuta mtihani. Nikachukua kiti changu nikakaa mlangoni na sufuria ya kunde za kuchambua.

Jua likiwa limepanda, akaingia uani shangazi ya mume wake, kitambaa kizuri kichwani, jasho usoni.

"Kukhu, habari ya hapa. Nimekuja kuchukua bibi yetu, mke wa kijana wetu."

"Karibu kiti. Bibi yenu ana mtihani."

"Ati mtihani. Busaa na kuku, hiyo kompyuta ndiyo itasimamia?"

"Kwani wimbi halikuota?"

"Liliota."

"Viti havikuja?"

"Vilikuja mapema. Si hiyo ndiyo inaudhi," akasema, akakaa. "Kila kitu kiko sawa na yeye hayuko. Watu watasema nini?"

"Watasema. Si midomo ni yao."

Akacheka bila kutaka, kisha akainuka. "Wacha nimchungulie tu, nimsalimie."

Nikanyoosha mguu, mlango ukazibika. "Haingii mtu hapa mpaka mtoto amalize."

Nisiwaweke roho juu: alifaulu. Siku hizi kiti cha meneja ni chake, na kabla fundi hajashika koleo, kwanza anakaa na wanawake wa kijiji, halafu na wazee, kila kundi peke yake. Ile sakafu ya kufulia aliihamishia nyuma ya ua, na nguo zinafuliwa hapo. Mwaka huu wamempigia simu kutoka kaunti nyingine, watu ambao hawajawahi kumwona, wakimtaka akawafundishe vijana wao. Cheti kilimtangulia kufika.

Lakini mimi hapo mlangoni sikuwa najua hayo. Nilijua tu kwamba nyuma yangu mtoto anahesabu pumzi, na mbele yangu shangazi ameshatoa simu, ameongea Kibukusu cha haraka, sasa ananinyooshea.

"Ni mzee mwenyewe," akasema, akitabasamu kama mtu aliyeshinda.

Baba mkwe wa mtoto. Mkwe hajibiwi ovyo kwetu, hata kwa simu. Nikaweka kunde chini. Nikasimama, nikafunga leso vizuri kiunoni kana kwamba ananiona. Nikamsalimia, nikauliza hali ya mama, ya ng'ombe, ya mvua, ya kijana anayeingia jandoni. Akajibu yote kwa upole. Kisha akaniomba, kwa heshima kubwa, nimruhusu shangazi aingie dakika kidogo.

Nikamshukuru kwa kuniomba vizuri. Mgongo nikauegemeza mlangoni.

"Haingii mtu hapa mpaka mtoto amalize."