Victorine Kapya na Nyumba ya Bel-Air

Victorine Kapya ni mthamini wa nyumba mjini Lubumbashi. Kampuni inapomhamisha mfanyakazi kwenda mji mwingine na kumwahidi kuinunua nyumba anayoiacha, Victorine huitwa aende kuitazama na kusema ingeuzwa kwa bei gani katika miezi michache ijayo. Haangalii nyumba iligharimu nini kujengwa, wala mwenyewe anaipenda kiasi gani. Anatafuta kujua mtu wa kweli, mwenye pesa mkononi, angekubali kulipa nini.

Kazi hii hakuirithi. Babu yake alitoka Mitwaba kuja kutandika reli, baba yake akawa fundi wa mabehewa, naye Victorine alianza akiwa komisioneri, mmoja wa wale wanaowatafutia watu vyumba vya kupanga. Alizunguka Katuba na Kenya, mitaa ya mji huohuo, kwa miguu miaka mingi. Mpima ardhi mmoja mzee, Papa Donat, alimsikia siku moja akimweleza mteja kwamba paa linavuja, na akamwona mteja huyo akienda zake. Papa Donat akamwita ofisini kwake, akamfundisha kupima, kusoma hati za ardhi na kuandika ripoti, wala hakumlipisha. Hadi leo, kila Novemba Victorine anapoomba Misa kwa ajili ya marehemu wake, jina la Papa Donat hulitaja mara baada ya la baba yake.

Mwaka alioitwa kwenda mtaa wa Bel-Air, soko la nyumba lilikuwa limevurugika. Migodi kadhaa ilikuwa imepunguza kazi, na wakubwa waliokuwa wamepanga nyumba nzuri walikuwa wamefunga masanduku na kuondoka. Kwenye kuta, maneno ya kutangaza nyumba ya kupanga yalikaa mpaka mvua ikayafuta. Wakati huohuo familia kutoka mashariki ziliendelea kufika, nyingine mikono mitupu, nyingine na mtaji wao wa biashara. Muuzaji hakujua aombe ngapi, na mnunuzi hakujua kama kesho bei itapanda au itaanguka.

Nyumba ya Bel-Air ilikuwa ya Fils, fundi umeme wa kampuni moja ya madini, aliyekuwa anahamishiwa Kolwezi pamoja na mkewe Tracy na watoto wao. Alikuwa ameirithi kutoka kwa baba yake, Stanislas, aliyekuwa akileta mahindi mjini kwa lori kutoka Kasomeno. Kwa sababu ya lori hilo, lupango wao, yaani kiwanja chote kilichozungushiwa ukuta, ulikuwa mpana kuliko ya majirani. Tangu mzee afe, mahali lilipokuwa likiegeshwa lori palikuwa na matuta ya mboga ya mama yake Fils, Mama Chishimba.

Victorine alipima vyumba, akapiga picha, akatazama mabomba. Mama Chishimba alimfuata nyuma polepole.

"Mutoto, usisahau ule ukuta wa jikoni," alisema. "Uko na mufa. Tulipaka rangi, lakini mufa iko palepale."

"Aksanti, mama. Wengine wanaweka kabati mbele yake."

"Kabati itahama na shiye. Ukuta itabakia."

Victorine alicheka, akampenda tangu hapo. Walipofika uani, mama huyo alisimama na kushusha sauti ili Fils asisikie.

"Miye Kolwezi sitaki kwenda. Nitafanya nini kule? Dada yangu iko Katuba, na kanisa yangu iko Katuba. Fils anasema, kama bei itakuwa muzuri, atanitafutia kanyumba kadogo karibu na dada. Kama haiko muzuri, nitaenda tu na bo. Sikuombi udanganye. Nakuambia tu ujue."

Mthamini haruhusiwi kumwambia mwenye nyumba bei anayoifikiria, na bei aliyokuwa nayo kichwani haikuwa nzuri. Kwenye barabara ileile nyumba mbili zilikuwa zimeuzwa kwa hasara na watu wenye haraka, na ya tatu ilikuwa inangoja mnunuzi tangu kiangazi. Tena malori yalikuwa yanapita mchana kutwa. Ni familia gani ingetaka kulala hapo? Aliaga akiwa na uzito moyoni.

Hakufika mbali. Mbele kidogo lori lililojaa magunia ya mchele lilikuwa linajaribu kuingia kinyumenyume kwenye lango jembamba, na barabara yote ilikuwa imezibwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimwelekeza dereva alikuja kwenye dirisha la gari la Victorine.

"Pole sana, mama. Tunakuchelewesha. Kuja ukae kivulini, hawa watamaliza sasa hivi."

Alimpa kiti mlangoni mwa depo yake na chai ya tangawizi. Jina lake lilikuwa Kyakimwa, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, kule Kivu. Alifika Lubumbashi na kaka zake baada ya vita kuwafungia barabara kwao, na mwenye nyumba wao wa kwanza aliwasubiri miezi ya kodi bila kuwafukuza. "Mji huu umetupokea," alisema. "Sisahau."

Dereva aligonga nguzo ya lango kwa mara ya pili. Kyakimwa akatikisa kichwa.

"Unaona? Tunatafuta lupango yenye lori inaweza kuingia na kugeuka. Hakuna. Watu wanatuonyesha sebule na vigae. Sisi hatuangalie sebule. Binamu yangu Vital amenunua moja nyuma ya hapa, akalipa kuzidi bei ya nyumba nzuri, juu ya uwanja wake tu."

Victorine aliweka kikombe chini. Papa Donat alikuwa akimwambia kwamba nyumba haina bei, ila mtu anayeitaka ndiye mwenye bei. Yeye asubuhi yote alikuwa ameitazama nyumba ya Fils kwa macho ya mtu anayetafuta mahali pa kulala.

Hakukimbilia kuandika. Alikwenda kwa Vital, aliyemwonyesha mkataba wake bila shida. Aliwatafuta wauzaji wengine wawili waliouza kwa wafanyabiashara, akaona maneno ya Kyakimwa ni ya kweli. Hata hivyo alijua kwamba biashara nayo inaweza kuhama, basi hakuchukua bei ya juu kabisa. Akaipeleka ripoti.

Kwa desturi kampuni hutuma wathamini wawili, kila mmoja peke yake. Yule wa pili alikuwa ameandika bei ndogo, karibu sawa na ile ya kwanza ya Victorine. Tofauti ikawa kubwa, na Sylvain, msimamizi wa uhamisho kwenye kampuni, akamwita.

"Mama Victorine, uko hakika na hii bei?"

"Hapana, baba. Mwaka huu hakuna mtu iko hakika. Lakini nimeandika nani ananunua mtaa ule, na amelipa nini. Tumeni mtu mwingine aende, na asisome yangu kwanza."

Sylvain alimtazama, kisha akakubali. Akatumwa mthamini wa tatu, na bei yake ikaja chini kidogo tu ya ile ya Victorine. Kampuni ikachukua wastani wa hizo mbili zilizokaribiana, ikamlipa Fils, na kabla ya Pasaka ikamuuzia lupango mfanyabiashara wa unga. Haikupata faida kubwa, wala haikupata hasara.

Victorine alirudi kwa Kyakimwa na kitenge, kumshukuru. Kyakimwa alishangaa.

"Kwa chai ile?"

"Kwa chai na maneno yake."

Baada ya miezi michache Mama Chishimba alimwita Katuba. Kanyumba kake kalikuwa na vyumba viwili na baraza, nyumba ya tatu kutoka kwa dada yake. Ya Bel-Air alikuwa amepita kuiona. Matuta yake yote yalikuwa yamefunikwa kwa saruji.

"Iliniuma kidogo," alisema. "Lakini nyumba ile ilikomaza batoto yangu, ikamuzika bwana yangu, na sasa imenipa hii. Nitaiomba nini tena?"

Fils alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo. Watoto walikuwa wameanza shule, na Tracy alikuwa amepata kazi ya kushona.

Victorine naye alimsimulia habari za Papa Donat na za chai ya Kyakimwa. Chakula kilipowekwa mezani, bukari, yaani ugali, na samaki wa Kasenga, Mama Chishimba alifumba macho na kushukuru. Alimtaja Victorine, akamtaja mzee aliyemfundisha, kisha akafumbua macho.

"Yule mama wa kule Kivu, jina yake nani?"

"Kyakimwa."

Alijaribu kulitamka mara mbili, likamshinda. Akasema Mungu analijua, wakaanza kula.