Jumapili za Mama Kileleshwa

Rafiki yangu, ukiniona leo na malori yangu ya mchanga pale Machakos, huwezi kuamini kwamba nililelewa kwenye chumba kimoja Dagoretti Corner. Shule niliiacha darasa la sita, sikudanganyi. Lakini waliomaliza chuo ndio wanakuja kuniomba kazi, tena wananiita mkurugenzi. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba mwaka ule wa corona, barabara za kuingia Nairobi zilipofunguliwa, sikwenda mjini kuhangaika. Nilikwenda kama mtalii. Nilichukua vyumba viwili katika hoteli kubwa ya katikati ya mji, ile ambayo zamani bawabu wake angetufukuza hata kwa kusimama karibu na maua. Wageni wa ng'ambo walikuwa hawaji, bei ilikuwa imelala chini, na mimi si mtu wa kuiacha bei ikilala.

Chumba cha pili kilikuwa cha Baba.

Tulikuwa tumemzika Mama miezi michache tu kabla. Wala hakufa na corona, ilikuwa presha, lakini sheria ilikuwa moja kwa wote. Alizikwa kijijini kwetu asubuhi na mapema, haraka haraka, na watu wa nyumbani pekee. Majirani walitupungia mikono wakiwa barabarani. Hakuna matanga, hakuna nyimbo, hakuna mtu wa kumshika Baba mkono. Mimi nilinunua jeneza ambalo kijiji kile hakijawahi kuona, na kaburi nikaliweka vigae. Baba akanyamaza. Alikaa nje kutwa, sahani ikienda kwake na kurudi ilivyo. Dada yangu akanipigia simu akasema, "Ukicheza, huyu naye tutamzika." Ndiyo maana nikamleta mjini. Nilijiambia mzee anahitaji raha, na raha inanunuliwa.

Basi niliinunua. Nilimpeleka kula nyama choma, akaitazama tu. Nikampandisha ghorofa ya juu kabisa aone mji wote, akaangalia viatu vyake. Hata mhudumu alipompima joto kwenye paji la uso na kumtania, "Mzee, wewe bado kijana," hakutikisika. Barakoa yake ilikaa vile vile, kama mlango uliofungwa.

Jumapili asubuhi nikafungua dirisha, na hapo ndipo mambo yakanishika. Mji ulikuwa kimya. Hakuna honi, hakuna makanga wa matatu wa kupiga kelele, njiwa tu wakitembea katikati ya barabara kama wenye mji. Nairobi hii nilikuwa naijua.

Unajua, Mama alifanya kazi ya nyumba Kileleshwa, kwa familia ya Wahindi, na alilala huko huko katika chumba cha nyuma. Mimi nilimwona Jumapili pekee, siku yake ya ofu, ya kupumzika. Baba alikuwa mpakuaji wa mabati na misumari katika duka la Kalasinga mmoja wa kilemba River Road. Jumamosi jioni alinisugua kwa jiwe hadi nikang'aa, akapiga pasi ya makaa, na kesho yake mchana tukashika njia kwa miguu. Kwenye lango hatukusogea, kwa sababu ya mbwa. Tulisimama ng'ambo ya barabara, kando ya mtaro, tukiangalia nyumba ya paa jekundu na kunusa bizari ikikaangwa. Kisha lango dogo likafunguka, Mama akatoka bila aproni, nywele zinang'aa mafuta, mkononi mkebe wa chapati nyembamba kama karatasi, viazi vya manjano na achari iliyonitoa machozi. Nyanya wa nyumba ile aliweka ladu moja tamu juu kwa ajili yangu, halafu akachungulia dirishani kuhakikisha wazazi wangu hawaili.

Kutoka hapo tulishuka mjini. Maduka yalikuwa yamefungwa, barabara tupu. Baba alisema, "Leo sisi ni watalii. Mtalii haharakishwi." Tukawa tunasimama kwenye kila dirisha, na kila mtu anachagua kitu kimoja, hakuna kubadilisha. Mama alichagua sufuria, Baba akamkatalia: "Mtalii gani ananunua sufuria? Chukua koti!" Walicheka hadi wakashikana. Jioni tukamrudisha, na mimi nikaanza kuhesabu siku upya mpaka Jumapili nyingine. Vitu vyote nilivyochagua kwenye vioo vile nimeshavinunua, rafiki yangu. Vyote.

Mchana ule nikamwambia Baba twende Kileleshwa, nimwonyeshe fleti ninayotaka kuchukua. Tulikuwa tunapita barabara moja, maghorofa kulia na kushoto, akagonga dashibodi.

"Simama."

Akashuka, akavuka, akasimama kando ya mtaro. Kumbe ni pale. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepapita.

Askari wa lango akamwendea. "Mzee wangu, umepotea? Unangoja nani?"

"Mama ya huyu. Leo ni ofu yake."

"Anafanya nyumba gani?"

"Hiyo ya paa jekundu."

Askari akayaangalia maghorofa, akaniangalia mimi. Baba akasema, "Najua haiko. Na yeye hayuko, tulimzika. Hakuna mtu aliyekuja. Niache nisimame kidogo."

Askari akavua kofia. "Pole, mzee. Pole sana." Akamletea kiti chake cha plastiki, na yeye akachuchumaa.

Wasichana wa kazi walikuwa wanaanza kutoka, ni ofu yao pia. Askari akawaambia, nao wakasimama mbali mbali na barakoa zao. "Pole, baba. Alikuwa anafanya hapa?" "Miaka mingi, baba?" Na Baba akafungua mdomo. Aliwaeleza jinsi Mama alivyowafundisha watoto wa nyumba ile kutembea, jinsi mbwa alivyomfuata kama kivuli. "Na alikuwa na madharau! Mara ya kwanza nimemsalimia hapa hapa, akaniambia nirudi nikishaoga."

"Na ukaoga, baba?"

"Nisingeoga, ningekuwa na huyu?" akaninyooshea kidole. Wakacheka, na Baba akacheka, kisha akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Mmoja akaanza kumwombea marehemu. Wengine wakainamisha vichwa.

Nilitia mkono mfukoni nimpe askari kitu. Akanisukuma polepole. "Weka, boss. Watu hawalipwi kuja matanga."

Paa lile jekundu halipo tena, wala lango dogo, wala ile harufu. Siku hizi mji una kelele zake tena, na Jumapili imekuwa siku kama nyingine. Hao wasichana nikikutana nao leo siwezi kuwatambua, maana sura zao sikuziona. Lakini kila mmoja alitoa pole na kumtaja Mama kabla ya kuondoka, akitumia jina ambalo Baba alikuwa amewapa muda ule ule, na mzee aliwaitikia mmoja mmoja, "Asante, tumepoa," mpaka wa mwisho akakata kona.