Masanduku Kumi na Mawili ya Ghislaine

Ghislaine Perrachon alikuwa na miaka hamsini na tisa na magoti mabovu. Kazi yetu, mimi na yeye, ilikuwa kulinda sumaku za mashine ya kugonganisha chembe za atomu, kule handakini chini ya mashamba ya ngano, upande wetu wa milima ya Jura. Sumaku zile hupozwa kwa heliamu, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, mpaka umeme unapita bila kizuizi chochote. Lakini sehemu ndogo kama kucha ikipata joto, umeme wote huigeukia na kuiunguza. Kinga yake ni ya ajabu: unaipasha joto sumaku nzima kwa mpigo mmoja, ili joto lisambae, lisikae mahali pamoja. Kila sumaku ina sanduku linalotunza umeme wa kazi hiyo.

Mwezi Machi, baada ya mapumziko ya majira ya baridi, Ghislaine akagundua masanduku kumi na mawili yanapoteza umeme taratibu. Akaenda kwa mkuu wetu, Vuaillat.

"Yamefaulu kipimo," Vuaillat akasema.

"Yamefaulu leo. Wiki iliyopita umeme wake ulikuwa juu zaidi."

"Ghislaine, watu mia wananisubiri niwashe mashine!"

"Basi saini wewe hii karatasi ya kuruhusu iwashwe. Mimi sisaini."

Vuaillat akaitazama ile karatasi, asiiguse. "Siku mbili za kuyabadilisha. Na watu wa kukuongezea sina."

Tukashuka wawili. Lile handaki halina mwisho. Tuliyavuta masanduku mapya kwa mkokoteni, kilo ishirini kila moja. Kwenye la saba Ghislaine akakaa sakafuni, akala mkate wake na jibini.

"Tupumzike mpaka kesho?" nikamuuliza.

"Nikienda nyumbani sasa, mzee wangu, kesho hunioni."

Tukamaliza Alhamisi jioni. Hakuna aliyetuuliza tumefanya nini.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, sumaku moja kati ya zile kumi na mbili ikapata joto. Sanduku jipya likafyatuka, umeme ukaondolewa, heliamu ikachemka na kutoka kwenye vali zake. Mashine ilisimama kwa muda wa saa nane, kisha ikaendelea. Ripoti ilikuwa na mstari mmoja: kinga imefanya kazi kama ilivyotarajiwa.

Sanduku la zamani lingefyatuka? Labda. Hatutajua kamwe, na nadhani hilo ndilo lililomchosha Ghislaine kuliko kuvuta masanduku yote.

Kesho yake mchana Vuaillat alikuja na vikombe viwili vya kahawa, kimoja akampa Ghislaine.

"Nimesoma ripoti," akasema, macho chini. "Nikufanyie nini?"

"Nitoe handakini."

Mwezi Mei akapewa meza karibu na dirisha, kazi ya kusoma vipimo vya wengine. Siku ya kwanza nilimkuta amelala juu ya makaratasi, kalamu mkononi. Nikaufunga mlango polepole.