Kunde za Mama na Jicho la Setilaiti

Mimi ndiye niliyemshawishi Mama achukue bima ya mahindi, na kwa huu mdomo wangu, sikumshawishi yeye peke yake. Nilisimama mbele ya akina mama wa kikundi chake cha kanisa, huko Malava, nikajigamba kwamba kampuni yetu pale Kakamega mjini haitumi tena mtu kukagua mashamba. Setilaiti inapiga picha, mashine ya akili unde inazisoma, na mahindi yakikauka unaletewa mbegu na mbolea za msimu unaofuata. Mama akawaambia wenzake, "Huyu ni wangu, hawezi kunidanganya." Wakajiunga wote.

Mvua ikakatika mahindi yakiwa yanatoa ndevu, na kikundi kikaleta madai. Majibu ya mashine yakaja mezani kwangu: mashamba yote ya kikundi ni kijani, hakuna hasara. Nilikasirika hata chai ikanishinda. Nilidhani Mama na wenzake wametia chumvi, na Jumamosi nikaenda Malava nimejiandaa kugomba.

Mahindi yalikuwa yamekauka kabisa. Chini yake kunde, mrenda na majani ya maboga yalifunika ardhi yote.

"Ulitaka nikae na shamba tupu?" Mama akauliza. "Mimi huwa sikai hivyo. Kamvua kalipopita siku mbili, tukapanda mboga."

Nikacheka kwa aibu. Mashine iliona kijani ikadhani ni mahindi, na mimi niliyelelewa kwa kunde hizohizo sikukumbuka kuiambia. Mama hakucheka. "Kesho wataniuliza kanisani," akasema. "Nitawaambia nini?" Hilo liliniuma.

Nilizunguka shamba baada ya shamba nikipiga picha, kila mama ameshika gunzi lake tupu. Jumatatu nikazipeleka kwa wenzangu wa takwimu, nikawasumbua mpaka wakaanza kunikwepa kwenye ngazi. Mwishowe waliifundisha mashine kutofautisha kunde na mahindi, madai yakasomwa upya, na mbegu zikafika kabla ya mvua.

Msimu huu fomu ina swali jipya: mahindi yakikauka, unapanda nini? Nilimsomea Mama nikidhani atataja mboga mbili. Alitaja sita, na mwezi wa kupanda kila moja, nami nikaandika zote. Kisha akaichukua ile fomu akaipitia polepole.

"Sasa mmeniuliza," akasema. "Mwaka jana mlikuwa mnanitazama tu."