Mkungu wa Ndizi Uliotuumbua Kigali

Tulirudi kutoka likizo tukakuta kufuli la geti letu limebadilishwa.

Nikaingiza ufunguo, ukagoma. Nikauzungusha kwa hasira, ukagoma vilevile.

Mume wangu, Elieza, akachungulia kwenye upenyo wa geti. Akarudi nyuma kama ameona nyoka.

"Naeku, humu ndani kuna migomba."

"Migomba gani?"

"Mitatu. Pale ninapoegesha gari."

Jamani, sisi tunaishi Sekei, mjini. Kiwanja chetu kinatosha gari moja na kamba ya kuanikia nguo, basi. Nilipoondoka hapakuwa na hata jani la mgomba.

Duniani ninamjua mtu mmoja tu anayeweza kupanda migomba kwenye maegesho ya watu bila kuomba ruhusa. Mama mkwe wangu.

Na mama mkwe alikuwa anajua tuko Kahama, harusini.

Hatukuwa Kahama. Tulikuwa Kigali, tunatafuta pa kuhamia.

Nianze mwanzo.

Mimi nina diploma ya mifugo na duka la dawa za mifugo na vifaranga pale Lemara. Elieza anaendesha watalii. Msimu ukiwa mzuri tunakula vizuri. Mvua zikianza, gari linalala, na yeye analala, na mimi namruka sebuleni nikipiga deki.

Tuna rafiki yetu, Frederick, aliyekuwa jirani wa duka langu kabla hajahamia Kigali kufunga umeme wa jua. Kila akipiga simu anasema maneno yaleyale.

"Mama Diana, huku fundi wa kutotolesha vifaranga anatafutwa kama dawa. Njooni muone kwa macho yenu. Msije kwa kuambiwa."

Mimi napenda mtu anayesema njoo uone. Nikamwambia Elieza twende likizo ya bei chee. Tuache gari gereji, tupande basi, tulale sebuleni kwa Frederick, tuangalie kazi, nyumba na shule, turudi tuamue. Sihami nchi kwa picha za kwenye simu.

Elieza akakubali. Halafu akaanza kukuna kidevu. Nikajua anakokwenda.

"Na mama?"

Hapo ndipo penye jiwe. Elieza ni kitinda mimba. Kwa Wameru, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na mama mwenyewe. Kaka yake mkubwa, Sumari, ana shamba lake jirani, lakini nyumba ya Nkoaranga, ile yenye kahawa na migomba kuizunguka, ni ya Elieza. Baba yao alishafariki. Mama anakaa peke yake na mbuzi wawili.

Mtoto wa mwisho akihama nchi, watu wa kule hawasemi amehama. Wanasema amemtupa mama.

"Tumwambie ukweli," nikasema.

"Tumwambie tunakwenda harusi Kahama," akasema yeye. "Tukipaona pabaya, tutakuwa tumemuumiza bure."

Mimi ni Mwarusha, kwetu neno linasemwa likiwa la moto. Lakini mama ni wake, nikamwachia.

Kosa kubwa. Ukimwambia mama wa Kimeru unakwenda harusini, umeomba mzigo.

Siku moja kabla ya safari mama alishuka kutoka Nkoaranga na mkungu wa mshare, zile ndizi za mtori. Mkungu wenyewe ulikuwa unamzidi Princess, binti yetu mdogo, kwa kimo, umefungwa kwa kamba ya gome la mgomba, kwa fundo lake mwenyewe.

"Huwezi kwenda harusi ya watu mikono mitupu," akasema. "Mpeni mama wa bibi harusi. Mwambieni umetoka kwa Mama Sumari."

"Asante mama," Elieza akajibu, macho chini.

Nikamfinya. Akauinua mkungu, akaupeleka ndani.

Basi, tukawaacha watoto na dada yangu, tukapanda basi na mkungu wa harusi isiyokuwepo. Kahama tulipita. Nikamwambia tuushushe hapohapo, angalau uongo uwe nusu. Akakataa.

"Zawadi ya mama siwezi kuitupa stendi."

Mpakani Rusumo maafisa walininyang'anya mifuko yangu yote ya plastiki, huko ni marufuku. Nguo za ndani, mswaki, vitumbua, kila kitu kikabaki wazi juu ya meza mbele ya foleni. Afisa akauangalia mkungu, akauzunguka kama anakagua ng'ombe.

"Huu unakwenda wapi?"

"Harusini," Elieza akasema. Uongo ulikuwa umeshamzoea.

Afisa akacheka. "Basi mtupikie vizuri." Tukapita.

Kigali, niseme ukweli, ilinikamata. Mji msafi, bodaboda wanakuvalisha kofia ngumu utake usitake. Nilipelekwa kwa mama mmoja mwenye shamba la kuku pembezoni mwa mji. Mashine zake za kutotolesha zilikuwa nzuri kuliko zangu, lakini nusu ya mayai yalikuwa yanakufa. Nikapima unyevu, nikamwonyesha tatizo. Akaniuliza naweza kuanza lini.

Naye Elieza, Frederick alimkutanisha na watu wa usafiri. Lakini kilichomlainisha mume wangu hakikuwa kazi. Kilikuwa maziwa.

Kigali kuna vibanda ambavyo watu wazima waliovaa tai wanaingia, wanakaa kwenye kiti na kunywa maziwa. Fresh au mtindi, kikombe kikubwa, na andazi pembeni. Elieza alikaa hapo mpaka akaota sharubu nyeupe.

"Naeku," akaninong'oneza, "hawa wanakunywa maziwa kama sisi, ni ndugu zetu waliopotea."

Nikajua tunahama.

Shida ikabaki mkungu. Ulikuwa umelala jikoni kwa Frederick na hakuna aliyethubutu kuukata.

"Menya tupike," nikasema.

"Ni zawadi ya harusi."

"Harusi ipo wapi, Elieza?"

Akafikiri. "Zawadi ikikosa harusi, inakwenda kanisani."

Jumapili tukabeba mkungu mpaka kwenye ibada ya Kiswahili. Wageni tukaambiwa tusimame, tukasimama, tukapigiwa makofi. Elieza akaupeleka mbele kama sadaka. Mpaka hapo hatukuwa na aibu yoyote.

Ibada ikaisha. Watu wakatoka, wakasalimiana, wakaanza kuondoka. Mume wangu kautoa tena mkungu wake nje, kasimama nao mlangoni, anasubiri.

Mzee mmoja wa kanisa akamfuata. "Ndugu, umesahau kitu?"

"Hapana. Nasubiri mnada."

"Mnada wa nini?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Kwa wasiojua: kwetu Meru, ukitoa sadaka ya ndizi, kuku au maziwa, baada ya ibada vinauzwa kwa mnada nje ya kanisa. Elieza amekulia hapo. Kwake yeye, ibada bila mnada ni kama haijafungwa.

Frederick akamvuta shati. "Chalii wangu, huku hakuna mnada. Acha, twende."

Mtu mwingine angeuacha. Huyu wangu akauinua mkungu begani, akakohoa.

"Bwana asifiwe! Huu ni mkungu wa Nkoaranga, umelelewa kwa mbolea ya mbuzi! Nani anaanza?"

Mzee wa kanisa akaangalia saa.

Halafu Frederick, kwa aibu, akataja bei. Mama mmoja Mtanzania mwenye kitenge cha bluu akapiga vigelegele, akampita. Kijana wa kwaya akampita yule mama. Mama akashinda, akalipa, na badala ya kuuchukua akasema lile neno la nyumbani kabisa:

"Nimenunua, nimerudisha! Uuzwe tena!"

Hapo pakalipuka. Watu waliokuwa wameshafika barabarani wakarudi. Mzee wa kanisa mwenyewe akaingia mnadani. Simu zilikuwa juu kama harusi kweli. Elieza anazunguka, jasho linamtoka, anataja sifa za ndizi kama anaoza binti.

Nilicheka mpaka machozi. Sikujiuliza zile simu zinapeleka wapi picha.

Tukamaliza wiki nyingine Kigali. Sasa turudi getini.

Nikagonga. Zikasikika kandambili zinakuja polepole. Geti likafunguka, mama mkwe akasimama na kanga kiunoni na jembe mkononi.

"Shikamoo mama," tukasema pamoja.

"Marahaba. Karibuni. Harusi ilikuwaje?"

Elieza akaangalia migomba. "Ilikuwa... nzuri."

"Bibi harusi alipendeza?"

"Sana."

"Na mama yake aliupokea mkungu wangu?"

Nyuma yake nikamwona Diana, binti yangu mkubwa, ameziba mdomo kwa kiganja. Kumbe mtoto ambaye kila siku alikuwa ananiambia kwenye simu "huku kuko poa mama" alikuwa upande wa pili muda wote.

"Mama," nikasema, "naomba nikueleze."

"Wewe nyamaza, ninaongea na kitinda mimba wangu. Diana, lete simu."

Video ikawashwa. Sauti ya Elieza ikajaa uani: "Umelelewa kwa mbolea ya mbuzi! Nani anaanza?"

Ilikuwa imetoka kwa yule mama wa kitenge cha bluu, ikaenda kwa dada yake Usa River, ikatua kwenye kundi la akina mama wa usharika wetu kabla sisi hatujamaliza chakula cha mchana.

"Wenzangu wananiuliza, Mama Sumari, huyu si Elieza wako? Nikasema hapana, wangu yuko Kahama. Halafu nikaona fundo la kamba." Akamgeukia mwanawe. "Uso ningeukana. Fundo langu siwezi kulikana."

Elieza akapiga magoti hapohapo kwenye udongo mbichi wa migomba.

"Nisamehe mama. Tulikwenda kuangalia kama tunaweza kuhamia. Lakini hatuhami. Siwezi kukuacha Nkoaranga peke yako."

Nilimwangalia mume wangu, nikaona Kigali yangu inaondoka, na mashine zile, na mayai yale. Akiamua kubaki kwa ajili ya mama yake, mimi ni nani nimkatalie?

Mama akaegemeza jembe ukutani.

"Nani amekwambia nataka kukaa Nkoaranga?"

Elieza akainua kichwa.

"Kile kilima kimenimaliza magoti," akasema. "Kwenda kisimani kushuka, kurudi kupanda. Kanisani kupanda, kurudi kushuka. Tangu baba yenu aondoke nataka kukaa mahali tambarare, penye bomba na watu. Lakini nikisema hivyo, nyumba itapoa, na nyumba ni ya Elieza. Nikasema nimlindie, siku akitaka kurudi aikute na moto jikoni."

"Lakini mama," Elieza akasema, "mimi sijawahi kutaka kurudi. Niko hapa mjini ili nikiitwa nifike kwako haraka."

"Naona. Wewe unakaa hapa unanilinda mimi, mimi nakaa kule nakulindia wewe. Sasa nani anaishi?"

Diana akashindwa, akacheka kwa sauti. Mimi nikafuata. Mama akajikaza, akashindwa naye.

Kumbe alipoiona video hakuja kutugombeza. Alikabidhi shamba na mbuzi kwa Sumari, akamrudisha dada yangu kwake, akahamia kwangu. Tulipokuwa tunaonja Kigali, yeye alikuwa anaonja Sekei. Kufuli alibadilisha kwa sababu la kwangu, anasema, lilikuwa linafunguka kwa kijiko. Alikuwa ameshajua majina ya majirani wote, wengine nimekaa nao miaka siwajui.

"Na umepaonaje?" nikamuuliza.

"Watu wa hapa wanajifungia ndani kama wana deni. Lakini nitawazoesha. Diana anamaliza shule, nitabaki naye hapa. Ninyi nendeni na Princess."

"Na migomba, mama? Gari tutaegesha wapi?"

"Gari la nani? Si mnahama?"

Nikaingiza mabegi ndani.

Tumeshapanga. Natangulia mimi, yule mama wa kuku ananisubiri. Elieza na Princess watafuata shule zikifungwa. Sumari anavuna kahawa, na yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote, maana alikuwa analitamani lile shamba na anaogopa kusema.

Ninyi mnaopanga kuhama, sikilizeni ya mwenzenu. Nilichunguza kazi, nyumba, shule na hata maziwa ya nchi ya watu. Sikumuuliza swali moja mwanamke anayekaa mwendo mfupi kutoka mlangoni kwangu. Kabla hujakata tiketi, kamuulize yule unayedhani ndiye anayekuzuia. Inawezekana na yeye amefunga mizigo anakusubiri wewe.

Juzi mama ameniletea mkungu mwingine wa safari. Fundo lilelile.

"Huu ni wa yule mama mwenye kuku," akasema. "Na mwambie Elieza, nitamfungia wa kwake; akifika kanisani, safari hii asianzie bei ya chini. Ile ya mwanzo aliniuzia ndizi zangu kama za sokoni."